Krizi ya Soksi Moja

Naikumbuka vizuri asubuhi niliyoinama kuokota soksi ya mtoto, nikashindwa kuinuka. Soksi moja, mwanangu! Si gunia la muhogo, si jerikani la maji. Ningeumia kwa kazi ya heshima, angalau ningejisifu.

Kiuno kilikuwa kikiniuma kila siku tangu nimzae Kamariza, nami nilikwisha kukizoea kama mtu anavyomzoea jirani mwenye redio. Siku ile redio ilipiga kelele. Mume wangu akanishika mkono tukaenda polepole kwa kine, yule anayetibu viungo kwa kukanda na mazoezi. Akanigonga magoti, akauliza kama nimeanguka, kama nasikia ganzi, kama mkojo unanitoka. Vyote hapana. Akatabasamu. "Usiogope, mama. Ni krizi tu. Itapita."

Krizi! Wewe uliyezaliwa juzi hulisikii neno hilo kama sisi. Kine alisema Kifaransa cha hospitali, maana yake maumivu yamepanda kwa muda. Lakini kwetu Bujumbura krizi ilikuwa ile miaka ya risasi, na mimi nilisikiliza kwa masikio ya mtu aliyewahi kulala chini ya kitanda. Hilo "itapita" halikunifikia kabisa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Basi nikafanya ninachojua kufanya kwenye krizi. Nilimtuma mume wangu kwenye maduka ya mtaa wa Asiatique alete maharage, mchele na mishumaa, nikafunga dirisha, nikapanda kitandani. (Nikuambie ukweli, hata nikiwa mzima mimi ni mtu wa ndani. Hapa Mutanga Sud naijua dari yangu kuliko barabara yangu.) Nikalala siku ya kwanza, ya tatu, ya nane. Niliusikiliza mgongo kama tulivyokuwa tukiisikiliza milima: kimya hiki ni cha amani, au wanajipanga? Kila ulipochoma nilijiambia, sasa umekatika kabisa. Na kadiri nilivyolala ndivyo ulivyozidi kukakamaa.

Kamariza alikuwa na miezi minane, hajui kulala ila mgongoni. Mama mkwe alikuja kutoka Ruziba akawa anambeba yeye, kwa kitenge chake. Siku ya tisa nilimnyooshea mtoto mikono. Akanitazama kama anayetazama mtoza ushuru, akageuka, akaficha pua kwenye shingo ya bibi yake. Mwanangu, niliogopa. Niliona mtoto wangu akihama, nami nimelala palepale namwangalia akienda.

Mama mkwe aliliona hilo. Kisha akaiona mishumaa.

"Mukazana," akaniita, kama wanavyoita mke wa mtoto, "hii mishumaa ni ya nini? Umeme si iko?"

"Kine alisema ni krizi, mama."

Akakaa juu ya gunia la maharage, akacheka mpaka mtoto akatikisika mgongoni. Halafu akaacha kucheka.

"Krizi yenyewe mi niliionaga kule Ruziba. Tulifungiwa ndani siku mbili. Ya tatu watoto wakataka maji. Nikatoka mpaka kwa mulango, nikasikiliza, nikarudi. Kesho yake mpaka kwa bomba. Fujo ikianza, narudi kwa mulango, apana chini ya kitanda. We, krizi ya soksi, siku tisa!"

"Na kama mugongo imekatika?"

"Mutu mwenye mugongo imekatika anaamkaga kuonja maharage kama watu wametoka?"

Alikuwa ameniona.

Siku hiyo nikaenda mpaka mlangoni. Iliuma. Nilisimama nikingoja kitu kivunjike. Hakikuvunjika. Kesho yake nikafika kwenye geti. Siku ya tatu, kwa furaha ya kijinga, nikafua beseni zima la nguo, na kiuno kikapiga kelele tena. Nikarudi mlangoni, si kitandani. Hapo ndipo nikaanza kukumbuka kilichotangulia soksi: majuma ya kukesha na meno ya mtoto, nguo za juma zima kufuliwa siku moja, na wasiwasi wa kazi ya mume wangu. Soksi ilisingiziwa tu.

Baada ya majuma mawili mama mkwe alinifunga Kamariza mgongoni. Mtoto akajipindapinda, akafikiri kidogo, kisha akalaza shavu. Nikaganda, nisimwamshe, nisijivunje.

"Tembea," akasema mama mkwe. "We si sanamu."

Nikatembea.

Kwa hiyo, mwanangu, maumivu ya zamani yakipanda ghafla, usidhani lazima kuna kipya kilichovunjika. Mgongo ulioumwa muda mrefu hushtuka upesi, kama sisi. Punguza kazi, usiache kutembea. Tafuta kilichotangulia soksi. Ukizidisha, rudi nyuma kidogo, kesho uanze tena, maana mwenda pole hajikwai. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua: miguu ikifa ganzi au ikikosa nguvu, mkojo ukigoma au ukikutoka, ukipata homa, au ukiwa umeanguka vibaya, hapo usingoje mama mkwe, kimbilia hospitali.

Maharage yale tuliyala mpaka Noeli. Kamariza sasa ananipita urefu. Mungu akupe mgongo wa kubeba unaowapenda, na siku mgongo huo utakapogoma, akuletee mtu wa kukucheka mpaka ufike mlangoni.