Mwenyekiti Aliyeifungia Intaneti Sebuleni Kwake

Jumanne asubuhi, nilipokuwa nikibadilisha utepe wa taipureta katika kibanda changu hapa Thika, mteja mmoja alinipasha habari kwamba mwenyekiti wa halmashauri ya ile shule ya upili ya Ruiru amefariki. Aliisema kwa sauti ya chini, akavua kofia. Mimi nilimaliza kwanza kukaza utepe. Wasomaji wangu wa kila wiki wananijua kuwa mtu wa kupima maneno, na wengi watatarajia niyapime haya kwa huruma kwa sababu marehemu hawezi tena kujitetea. Lakini alipokuwa hai, aliyeshindwa kujitetea mbele yake alikuwa msichana wa kidato cha nne, na sikuona aliyemhurumia. Kwa hiyo nitaandika nilichokiona, kwa mpangilio wake, bila kumtaja mtu kwa jina.

Mwaka jana shule hiyo ilipata kompyuta moja, zawadi ya mwanafunzi wa zamani anayeishi ng'ambo, ikaunganishwa na simu ya ofisi ya mwalimu mkuu. Mimi sikusomea kazi hii popote. Nilijifunza kompyuta kwa kitabu kisicho na jalada, nikirudia kila ukurasa mpaka unikubali. Nikaombwa kusimamia chama cha kompyuta kila Alhamisi. Haikupita miezi mingi, zikaanza habari za mswada wa sheria ya kuzuia intaneti shuleni, na shule zikaombwa kutoa maoni. Mwalimu mkuu, mtu wa haki ingawa mwoga, akasema hata wanafunzi wasikilizwe. Tukakutana katika bwalo la chakula, ambalo paa lake, lazima niseme, lilijengwa kwa juhudi za mwenyekiti mwenyewe. Alisimama chini ya paa hilo akaeleza kwamba intaneti ni sinema za uchafu zinazopita ndani ya waya wa simu, na kwamba sheria ikichelewa yeye hatachelewa. Msichana mmoja akainua mkono. "Mzee, wewe umewahi kuiona?" Bwalo likacheka. Mwenyekiti naye akacheka, kwani hakuwa mjinga. "Hata sumu sijawahi kuionja, mama, na bado najua inaua." Makofi. Msichana hakukaa. "Waliokufa kwa sumu tumewazika, Mzee. Waliokufa kwa intaneti tuonyeshe hata mmoja." Makofi yaliyofuata yalikuwa makubwa zaidi, na nadhani hapo ndipo kosa la msichana lilipoandikwa.

Wanafunzi waliandika maoni yao kwenye karatasi mbili za mstari, nami nikayapiga taipu bila kubadilisha neno. Hawakudai uhuru wa kuona kila kitu. Walikubali mwalimu awepo chumbani kila mara, wakakubali pawe na daftari la kuandika kila mtu ametafuta nini. Walichoomba ni kwamba sheria isifunge mlango wote kwa sababu ya chumba kimoja kichafu, maana maktaba yao ilikuwa na kitabu kimoja cha biolojia kwa darasa zima, na kurasa za figo zilikuwa zimechanwa. Mwenyekiti alijitolea kuyapeleka maoni hayo mwenyewe katika ofisi ya elimu. Baadaye niliuliza pale ofisini nikaambiwa kwamba kutoka shule hiyo ilifika barua moja tu, yake yeye, ikisema wanafunzi wote wanaunga mkono mswada.

Wiki hiyohiyo alikuja na pikapu yake kuifunga intaneti. Alichomoa skrini, akaibeba kifuani kama mtu aliyekamata mwizi, akaipeleka nyumbani kwake Ngoingwa. Boksi la kompyuta lenyewe, pamoja na kifaa cha kuiunganisha na simu, aliviacha mezani, kwa kuwa aliamini intaneti inakaa pale inapoonekana. Alhamisi iliyofuata karani wa shule alituazima skrini ndogo ya zamani kutoka ofisini, na kazi ikaendelea kama kawaida. Tulicheka sana. Sasa najua hatukupaswa kucheka, kwa sababu habari zilimfikia, na mtu wa cheo husamehe kupingwa kabla ya kusamehe kuchekwa. Alivamia chumba akamkuta yule msichana kwenye kiti, anasoma habari za figo. Daftari lilionyesha hivyo. Hakulitazama.

Halmashauri ile ina desturi yake. Mwanafunzi mkosaji hupiga magoti mbele ya meza ya wazee, mzazi wake akiwa amesimama nyuma, akaomba radhi hadi mwenyekiti aseme basi. Msichana aliitwa pamoja na mama yake, mwanamke Mwislamu anayeuza mitumba Kiuu. Niliitwa kama shahidi. "Piga magoti, useme pole, twende tukale," mwenyekiti alisema, karibu kwa upole. Msichana akajibu, "Pole nitasema nikiambiwa kosa langu. Magoti hapana. Mimi napiga magoti kwa Mungu tu." Mwenyekiti akamgeukia mama. "Mama, huyu ni wako? Mwambie." Mama akajikaza. "Ni wangu, Mzee. Na amesema." Kisha wakanitazama mimi. Nililiona lile daftari juu ya meza. Ningelifungua tu, nikasoma mstari mmoja. Nilinyamaza, kwa sababu niliipenda ile kazi ya Alhamisi. Hesabu yangu na marehemu inaanzia hapo, na jina la kwanza ndani yake ni langu.

Msichana alifukuzwa bweni, akafanya mtihani wa mwisho akitokea nyumbani, akapita vizuri. Vyeti vilipofika mwaka huu, mwenyekiti alikichukua cha msichana akasema atakitoa siku atakapopiga magoti. Chuo cha uuguzi kilimwita mara ya kwanza, akaenda bila cheti halisi, akarudishwa. Kimemwita tena kwa mara ya mwisho, Jumatatu ijayo. Tangu wakati huo amekuwa akipima viazi kwenye kibanda cha shangazi yake, Githurai 45. Na ule mswada? Nimefuatilia. Haukufika popote, wala sijamsikia mtu akiuzungumzia tena. Binti huyo alilipishwa mwaka mzima kwa kuvunja sheria ambayo haikuwahi kuwepo.

Jumatano, kijana wa marehemu alikuja kibandani na wasifu ulioandikwa kwa mkono, ili niupige chapa usomwe mazishini. Nikausoma mpaka sentensi isemayo kwamba baba yake ndiye aliyeleta kompyuta shuleni. Nikaweka kalamu chini. "Nitaupiga bure," nilisema, "lakini kwanza niletee cheti cha yule msichana. Kiko nyumbani kwenu." Akanikazia macho. "Fundi, mzee hajazikwa na wewe unatuwekea masharti?" Nikamwambia ndiyo. "Huogopi laana?" Nikamwambia naogopa Jumatatu. Akaondoka akiapa kwamba taipureta Thika ni nyingi, jambo ambalo ni kweli. Lakini saa nane mchana alirudi na bahasha, na uso wa mtu aliyejionea mwenyewe. "Ilikuwa sebuleni, chini ya ile skrini," alisema. "Mama aliifunika skrini kwa kitambaa cha kufuma, akaweka maua ya plastiki juu. Sisi tulidhani ni televisheni mbovu." Nikapiga wasifu wote, isipokuwa sentensi ile. Mahali pake niliandika kwamba marehemu aliichukua skrini ya shule akaiweka nyumbani. Kijana akasoma, kisha akasema taratibu, "Futa, tafadhali. Wajukuu watakuwepo." Nilifuta zote mbili, ya kwake na ya kwangu. Ya kwangu nimeiandika hapa, mahali ambapo wajukuu wakikua wataisoma.

Wenzangu wananiambia nimsamehe. Sijamsamehe, na sioni kwa nini kifo kimfanyie mtu kazi aliyokataa kuifanya mwenyewe. Nilichojifunza ni hiki, nami nakitoa kwa kila anayekaa kwenye meza ya wazee akitunga amri dhidi ya vijana. Waweza kuwashinda leo, wana nguvu kidogo. Lakini umri uko upande wao. Watakuwepo siku utakapobebwa, na watakumbuka.

Alhamisi nilishuka Githurai nikampa msichana bahasha mkononi. Alijipangusa vumbi la viazi, akakitoa cheti, akasoma jina lake mara mbili, akakirudisha. Hakulia. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, mazishi ni saa ngapi?" Nikashangaa. "Jumamosi, saa nne. Unataka kwenda kufanya nini?" Akachukua tena mizani yake.

"Kumtazama tu," akasema. "Sijawahi kumwona akinyamaza watoto wakiwepo."

Nilimshauri afike mapema, apate nafasi mbele.