Kununua Gari kwa Vidole

Nililipenda lile gari kabla sijajua kwamba halina injini. Niliona pua yake tu, ndefu na ya kijani, imechungulia chini ya turubali katika ua wa mjane mmoja pale mtaa wa Wabera, Isiolo. Nilikuwa nimetumwa sukari. Nilirudi nyumbani bila sukari, na mama akaniuliza kama nimeona jini.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa utingo wa malori ya mifugo, sijaoa, na nilikuwa nimeshiba vumbi la kukaa juu ya ng'ombe. Nikajiona ndani ya gari lile la wazi la viti viwili, nikipita polepole mbele ya maduka, na wazee wanaacha kahawa ipoe wakinitazama. Basi hapo akili ilikuwa imeshaondoka.

Marehemu mume wa yule mjane alikuwa makanika wa mzungu mmoja mwenye shamba huko juu mlimani. Mzungu alipofunga virago, alimwachia gari hilo bovu badala ya mshahara wa mwisho. Makanika akalifungua lote, akaanza kulijenga upya kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Mlango wa kulia aliugonga kutoka kwenye pipa la lami. Alipofariki, injini ilikuwa vipande vipande ndani ya sanduku, sakafu ilikuwa nusu bati nusu hewa, na kuku walikuwa wanataga mahali pa dereva.

Mimi nilikuwa na shilingi elfu nne ndani ya bahasha. Zilikuwa bei ya ngamia wawili alioniachia baba kule Sericho, nami nilikuwa nimetoka kuwauza. Mama alikuwa ameshazipangia kazi: zinunue mitamba, mitamba wazae, halafu nitafutiwe mke. Nikikosea bei ya gari ningebaki sina mifugo, sina mke, na sina gari linalotembea. Nililijua hilo vizuri sana, na bado usiku nilikuwa naota usukani.

"Gari ya kubeba watu wawili," mama alisema. "Na mbuzi anakaa wapi?"

Nikaenda kwa abti. Kwetu majina ya heshima huenda na kurudi: mjomba ni abti kwangu, na mimi ni abti kwake, mama ni hooyo kwangu, na akinihurumia hunirudishia jina hilo hilo. Abti, kaka yake mama, alikuwa dalali katika soko la mifugo, na hapakuwa na mnyama ambaye hangeweza kumtia bei akiwa mbali hata kwato hazijaonekana. Gari hakuwahi kupima. Hilo halikumsumbua hata kidogo.

Alilizunguka mara kadhaa, fimbo mgongoni. Alilisukuma bega aone kama litayumba. Aliinua boneti kama anayefungua mdomo wa ngamia kutazama meno, akakuta shimo tupu, akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akapapasa chesisi chini, muda mrefu, macho ameyafumba.

"Amekonda," alisema. "Lakini mifupa iko sawa. Huyu ni wa ukoo mzuri."

"Akishapona, abti, hakuna gari kama hii Isiolo nzima."

"Akishapona ni shauri yako. Unamlipa vile amesimama leo. Nyasi utamtafutia mwenyewe." Akanivuta kando, akaninong'oneza: bei ya haki ni elfu mbili. Nikibanwa sana, mbili na nusu. Kinachobaki ndicho kitakachonunua gia boksi na vyuma vya injini. Juu ya hapo, alisema, ninyanyuke niende zangu kama mwanamume.

Sasa, kwetu bei haisemwi kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya kitambaa na kuzungumza kwa vidole. Kidole kimoja kikikamatwa ni elfu moja, viwili ni mbili, na kidole kikikunjwa ni nusu. Watu wanaweza kusimama wakizunguka na wasijue chochote. Majirani wa Wabera walikuwa wameshajaa kwenye ua, wamesimama kama wanaongojea gwaride. Mimi, kwa uharaka wangu, nikasema tumuulize mama huyu anataka ngapi, yaishe.

Abti alinitazama kana kwamba nimevua nguo. "Unataka mtaa mzima ijue mjane iko na pesa ngapi ndani ya nyumba?"

Akavua shali begani, akamsogelea mjane, akanyoosha mkono. Mkono ukakwama hewani. Sura ya abti ikabadilika. Maisha yake yote alikuwa amefanya biashara na wanaume, na hapa mbele yake palikuwa na mwanamke asiye dada yake wala mkewe, aliyejifunika vizuri, akiutazama ule mkono kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. Abti akaurudisha taratibu na kujifanya anakuna kidevu.

Majirani wakaanza kukohoa. Wengine hawakujisumbua kukohoa, walicheka waziwazi.

Ni abti aliyepata dawa, na hadi leo sijui kama nimlaumu au nimshukuru. Alituma mtu akamwite mama. Mama alikuja ameshika kiuno, akanitupia jicho, akalitupia gari jicho jingine, na nikajua tumekwisha. Mtu pekee mjini aliyelichukia gari lile ndiye aliyekuwa anaenda kuninunulia. Abti akamweleza sikioni ile mbili na ile mbili na nusu. Mama akaitikia, akamsalimia mjane salaam aleikum kwa sauti ya upole kuliko nilivyotarajia, akaketi naye juu ya mkeka. Shali likafunika mikono yao.

Nilikuwa nimesimama hapo nikitafuta habari kwenye uso wa mama. Hapakuwa na habari. Kwanza alikuwa na sura yake ya kawaida ya kununua nyama. Mara nyusi zikapanda. Akamtazama mjane, mjane akatazama chini. Shali likatikisika kidogo, likatulia, likatikisika tena. Mjane akatikisa kichwa kukataa, mama naye akakaza mkono. Nilidhani mama ameanza chini sana, pengine kidole kimoja, na roho yangu ikapanda na kushuka kwa pamoja: nafuu kubwa kama akikubali, na gari limekwenda kama akikataa. Abti alitabasamu kwa fahari. Alidhani hivyo hivyo.

Kisha mama akautikisa ule mkono kwa nguvu na kusema maneno ya baraka, na wote tukaitikia amin. Mkono ukishatikiswa, kwetu mambo yamekwisha.

"Lete bahasha," mama akaniambia.

"Nitoe ngapi?"

"Nimesema lete bahasha."

Bahasha ikaingia chini ya shali ikiwa nene, na mkono wa mama ukatoka mtupu. Nilingoja chenji. Mama akasimama, akapangusa dera yake, akasema, "Sasa uko na gari. Sukuma."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Abti alikuwa ananong'ona hesabu na kuzikataa. Lakini mbele za watu ungesema nini? Kuku walifukuzwa, sanduku la injini likapakiwa, na kwa kuwa wanaume wote walihitajika nyuma, mama akapanda mbele kushika usukani. Hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Breki hazikuwepo. Tulitoka Wabera tukiimba kama watu wa kuchimba barabara, na mama alikuwa amekaa wima juu ya gunia, akiwaamrisha watu na punda wapishe njia.

Karibu na soko la mifugo barabara ikawa sawa na wasukumaji wakapungua, tukabaki mimi na abti. Hapo nikaona nitapasuka nisipouliza.

"Hooyo! Yule mama alianza na ngapi?"

Hakugeuka. "Mbili."

Abti aliacha kusukuma. Mimi pia nusura niache. Mbili! Bei yetu yenyewe, ya kwanza kabisa, na ilibaki tu kukubali!

"Mbili, na wewe ukaweka nne?"

"Kabla sijafanya chochote alishusha mwenyewe. Moja na nusu. Halafu moja. Mimi nimenyamaza tu na yeye anashusha." Aliupindua usukani kulikwepa shimo, akalikwepa vizuri. "Mtu hashushi hivyo kama nyumbani kuko na chakula, hooyo."

Abti alirudisha mikono yake kwenye bati. Nami nikainamisha kichwa, nikasukuma.