Uzi na Cherehani Yake Mnadani

Mume wangu wanamwita Uzi, kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Ni fundi wa mikoba ya ngozi, na tangu nimjue hajawahi kusikia jambo likisemwa vibaya akanyamaza. Mdomo wake hauna breki. Nampenda, lakini siku ile ningeweza kuushona.

Alipolazwa hospitali, mdogo wake aliamini kaka hatoki tena, akaiuza cherehani yake. Ilikuwa ile nzito ya kushonea ngozi, si hizi za magauni ambazo zikikutana na ngozi huvunja sindano. Uzi akatoka mzima, akakuta pale dirishani patupu. Shemeji aliomba radhi mpaka akalia. Radhi haishoni mkoba.

Tukawa tunaishi kwa kupunguza suruali za watu kwa mkono. Kisha siku moja, nikipekua simu, nikaiona kwenye mnada wa mtandaoni. Nikaitambua kwa rangi iliyobanduka kwenye gurudumu. Muuzaji, mama mmoja tusiyemjua, alikuwa ameandika kwamba ni cherehani kuukuu, haijulikani kama inafanya kazi. Hakuna aliyeitaka. Nilifurahi kama mwehu. Nikamwambia Uzi tukae kimya, tusiguse kitu, na dakika ya mwisho kabisa ndipo tuweke dau letu, mnada ufungwe kabla mwingine hajashtuka. Akakubali. Nikaenda kuoga.

Niliporudi alikuwa ameshaandika. Chini ya tangazo, mahali pa maswali panaposomwa na wote, alikuwa ameeleza kwamba inafanya kazi kuliko mpya, kwamba inapenya ngozi iliyokunjwa mara mbili bila kuruka mshono, na kwamba anayeiita kuukuu haijui.

"Wanaisingizia," akaniambia. "Ningenyamazaje?"

Nilimwambia amejipalia makaa. Alipotaka kufuta, yule mama alikuwa ameshayanakili maneno yake yote na kuyaweka juu ya tangazo, akaongeza na asante.

Siku ya kufunga mnada tulikaa kitandani mchana, simu katikati yetu. Bei ilikuwa bado chini. Uzi akaanza kutabasamu, akasema, unaona, watu hawakusoma. Kumbe walisoma, ila walikuwa wakivizia kama sisi. Sekunde za mwisho nikabonyeza dau letu, kila tulichokuwa nacho, tukakaa juu. Nikashusha pumzi. Kabla haijaisha, bei ikaruka, ikaruka tena, mnada ukafungwa. Tukaandikiwa asante kwa kushiriki.

Jioni yule mama akapiga simu, maana Uzi alikuwa ameacha na namba yake. Sauti ilikuwa ya mtu aliyenusurika. Alisema mchana kutwa alikuwa akiichungulia simu, bei imekwama, akijua anaitoa kwa bei ya chuma chakavu, na mpangaji wake mpya anataka chumba ilimokaa. Kisha dakika ya mwisho watu wakamiminika kama siafu.

"Kama si maneno yako, fundi, wasingeigusa," akasema. "Mungu akubariki."

Nilitaka kumkatia simu. Uzi akanizuia mkono. Akamweleza kwa upole kwamba wakiibeba wasiilaze ubavu, gurudumu litapinda. Halafu akauliza ni nani aliyeshinda. Akajibiwa ni fundi wa viatu, ana karakana kubwa na wafanyakazi.

"Naomba umuulize, mama," Uzi akasema, "kama anahitaji mtu wa kuiendesha."

Niligeukia ukutani. Nililia, sioni haya kusema. Mtu anaomba kibarua kwenye cherehani yake mwenyewe, tena anaomba kwa adabu.

Jibu lilikuja kesho yake kwa ujumbe mfupi, na Uzi akanipa simu niusome mwenyewe. Fundi wa viatu anashukuru sana kwa maelezo, yamemsaidia kuamua. Ila kuhusu kazi, anachukua vijana tu.