Mapipa Niliyoyapaka Rangi

Mama aliyetunza mafuta ya ndege kwenye kiwanja chetu hakujua ndege inarukaje, wala hakutaka kujua. Nilijaribu kumweleza siku yangu ya kwanza kazini, maana nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni na nilikuwa na maelezo mengi kuliko watu wa kuyasikiliza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, msomi. Sasa nishikie hii pampu."

Kiwanja chenyewe kilikuwa uwanda wa majani huku Mbozi, upande wa pili wa barabara kuu kutoka kwenye mashamba ya kahawa. Kulikuwa na kibanda cha mabati, redio ya mawasiliano, na safu ya mapipa chini ya paa la nyasi. Mradi mmoja wa afya ulikitumia kiwanja hicho kupeleka chanjo na madaktari wa macho kwenye tambarare za Momba, ambako masika yakianza barabara inageuka mto na wafugaji wanabaki huko na ng'ombe wao mpaka Mungu apende.

Ndege zilikuwa mbili. Ile ndogo ilitumia petroli maalumu ya ndege. Ile kubwa ilitumia mafuta ambayo ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa. Na hapo ndipo penye hatari yote ya kazi ile. Ukiijazia ndege ndogo mafuta ya taa, haikatai pale pale. Inawaka kwa petroli iliyobaki kwenye mirija, inakimbia, inaruka vizuri, watu chini wanapunga mikono. Kisha, ikishafika juu ya miti, inakohoa na kunyamaza.

Mimi niliajiriwa kwa majaribio ya mwezi mmoja, kwa cheo cha msimamizi wa mafuta. Mwisho wa mwezi mkuu wa mradi angekuja kutoka Dar es Salaam kuamua kama nibaki au niondoke. Kuondoka maana yake ilikuwa kurudi nyumbani, na nyumbani baba alikuwa ameshanitengea miche mia mbili ya kahawa na jembe jipya. Hakuwa ananitisha. Alifurahi kweli, na ndiyo sababu niliogopa.

Kwa hiyo niliamua kufanya mageuzi.

Mama alikuwa na taratibu zake. Kabla ya kuja kiwanjani, alikuwa ameuza mafuta ya taa Tunduma kwa zaidi ya miaka ishirini, karibu na mpaka, akiwapimia Watanzania na Wazambia kwa kikombe kile kile. Huko alijifunza kutomwamini mtu yeyote mwenye chombo. Alijifunza pia kukataa kwa Kibemba. Kwa Kiswahili alikuwa anaweza kubembelezwa, lakini akishasema "Awe!" hapakuwa na rufaa.

Ndege ndogo ikitua, rubani alitakiwa ashuke mwenyewe na kusimama mbele yake.

"Kapteni, leo inakunywa nini?"

"Petroli, mama."

"Sema tena."

"Petroli."

"Ndege au wewe?"

"Ndege, mama. Mimi chai."

Rubani alikuwa mtu mzima mwenye upara na subira, na ndege yake ilikuwa ile ile, na ilikuwa imekunywa kitu kile kile kwa miaka mitatu. Bado aliulizwa. Niliambiwa siku moja alichoka akajibu, "Togwa." Mama akafunga kizibo, akaenda kusonga ugali, na rubani akasubiri mpaka ugali ulipoliwa, vyombo vikaoshwa, ndipo akaulizwa upya.

Baada ya maswali kulikuwa na karatasi. Mama alidondosha tone moja la mafuta juu ya karatasi na kuiweka juani. Petroli hukauka ikapotea, karatasi ikabaki karatasi. Mafuta ya taa huacha doa linalong'aa, kama gazeti lililofungiwa maandazi. Akishaliangalia tone likipotea, ndipo pampu inaingia kwenye pipa. Yote hayo yalichukua karibu nusu saa, na mimi nilisimama na saa ya mkononi nikihesabu.

"Mama," nilimwambia, "pipa limeandikwa. Si tusome tu?"

"Mwanangu, wewe umekulia wapi?"

"Hapa hapa Mbozi."

"Kwenu kopo la maziwa ya unga lina nini?"

Lilikuwa na sindano na vifungo. Dumu la mafuta ya kula lilikuwa na maji, chupa ya soda ilikuwa na mafuta ya taa, na ndoo ya rangi ilikuwa na maharage ya mbegu. Nilijua hivyo tangu utotoni. Lakini moyoni nilisema: hayo ni ya nyumbani, hapa ni usafiri wa anga.

Kitu kilichonikera zaidi ni kamba. Baadhi ya mapipa yalikuwa yamefungwa kamba ya mgomba kwenye kizibo, fundo moja gumu. Mengine hayakuwa nayo. Nilipouliza ni za nini, jua lilikuwa kali na mama alikuwa anabingirisha pipa.

"Umeniuliza maswali kumi leo," alisema. "La kumi na moja utaniuliza kesho."

Kesho yake alifiwa na shemeji huko Isongole akaenda msibani. Nikabaki na mapipa kumi na tisa, kopo la rangi nyeupe, brashi, na siku nne kabla mkuu hajafika.

Mtu anayehoji kila kitu ana ugonjwa mmoja: akikosa jibu, anajipa mwenyewe. Mimi nilijijibu kuwa kamba zile ni dawa. Nilikwishaona hirizi kwenye mashine ya kusaga, nimeona kitambaa chekundu kwenye lori, kwa nini isiwe kamba kwenye pipa? Nikachukua kisu nikazikata zote. Nakumbuka nilijisikia kama mtu anayeleta maendeleo. Halafu nikasoma maandishi ya kiwandani kwenye kila pipa, nikayarudia juu yake kwa rangi nyeupe, herufi kubwa zinazoonekana kutoka barabarani: PETROLI. TAA. PETROLI. Nikayapanga safu mbili zilizonyooka kama wanafunzi mstarini.

Jioni nilipanda Hiace hadi Tunduma, nikachapisha ripoti yangu kwenye steshenari moja karibu na stendi. Kurasa sita. Ukurasa wa nne ulihusu jaribio la karatasi, nililoliita utaratibu usio na msingi unaopoteza muda wa rubani. Binti aliyenichapia aliniuliza, "Kaka, huyu mama amekukosea nini?" Nikamwambia asome herufi tu, asisome maana.

Siku ya mkuu, ndege ndogo ilitua asubuhi. Mkuu alishuka akiwa na koti na haraka. Alitaka aende Momba kuona wagonjwa wa macho na kurudi kabla ya mvua, na mawingu yalishaanza kujijenga juu ya milima ya Ileje. Aliyaona mapipa yangu, akasimama.

"Hii nani amefanya?"

"Mimi, mkuu."

"Hii ndiyo kazi." Akachukua ripoti akaanza kuisoma akiwa chini ya bawa. Niliona akitikisa kichwa ule mtikiso wa kukubali, na niliiona miche mia mbili ya kahawa ikinyauka kwa raha.

Wakati huo huo pikapu ilisimama barabarani na mama akateremka, khanga ya msiba bado kiunoni, mkoba wa ndizi begani. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye mapipa. Hakusalimia mtu. Alitembea mwanzo wa safu mpaka mwisho wake, akarudi.

"Nani amehamisha watoto wangu?"

"Tumepanga upya, mama," nilisema. "Pole na msiba. Petroli huku, taa kule. Tumeandika."

"Nimeona mmeandika."

Rubani alikuwa ameshashika pampu, maana mkuu alikuwa ametazama saa mara mbili. Pampu ilikuwa inaelekea kwenye pipa la kwanza la safu ya PETROLI, lile lililokuwa na herufi zilizonyooka kuliko zote.

"Awe!" alisema mama, akaenda akalikalia.

Alikuwa mwanamke mwenye mwili. Alipokaa, pipa lilitoa sauti, na ilionekana wazi kuwa hakuna mtu hapo angeweza kumwondoa bila kuomba msaada kijijini Nanyala.

"Mama, tafadhali," mkuu alisema. "Muda."

"Bosi, shikamoo."

"Marahaba. Mama, muda."

"Muda upo. Petroli ndiyo sijui kama ipo. Kapteni, leo inakunywa nini?"

"Petroli, mama," alisema rubani.

"Nipeni karatasi."

Nikasema hatuna karatasi. Ilikuwa kweli, nilikuwa nimelitupa daftari lake la zamani, lile alilochania karatasi zake, kama sehemu ya usafi. Mkuu alijaribu kucheka. Alisema mradi unapunguza urasimu, kwamba huyu kijana ameandika vizuri sana kuhusu jambo hili hili, na akampa ripoti aione. Mama hakujua kwamba ripoti ilimhusu. Aliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akachomoa ukurasa mmoja, akamrudishia mkuu zilizobaki, akainuka kidogo, akafungua kizibo alichokuwa amekikalia, akachovya kijiti na kudondosha tone. Sikuchagua mimi ukurasa. Ulikuwa wa nne.

Akauweka juani juu ya pipa. Tukauzunguka, watu wazima wanne, tukilitazama tone kama watu wanaosubiri uji uchemke.

Halikukauka. Lilisambaa taratibu, likalowesha neno "utaratibu", likalowesha "usio", na maandishi ya upande wa pili yakaanza kuonekana. Lilikuwa linang'aa vizuri kabisa.

Rubani aliweka pampu chini. Alichukua glasi ya chai, akaimwaga, akachota mafuta kidogo akayainua juani. Petroli ya ndege ina ubuluu. Haya hayakuwa nao.

"Mafuta ya taa," alisema, kwa sauti ndogo.

Mkuu alitazama ndege, kisha akatazama viatu vyake, kisha akafungua kifungo cha koti.

"Pipa hili lilikuwa na kamba," alisema mama. "Kamba iko wapi?"

"Niliikata."

"Hii tu?"

"Zote."

Ikabidi aeleze. Miezi kadhaa kabla yangu, pipa moja la mafuta ya taa lilitoboka likishushwa kwenye lori. Hapakuwa na chombo kingine ila pipa tupu la petroli, basi akaliosha na kuyahamishia humo. Maandishi ya nje yakabaki yanasema uongo. Tangu siku ile, kila pipa lenye mafuta ya taa alilifunga kamba, ili hata gizani mkono ujue.

"Si ungepaka rangi?" niliuliza. Hata pale nilikuwa bado nahoji.

"Rangi! Tunduma wanapaka rangi asubuhi, mchana dizeli imekuwa petroli. Nani anapoteza muda kughushi kamba ya mgomba?" Kisha akanitazama vizuri. "Wewe ulidhani ni ya nini?"

Nilifikiria kudanganya. "Nilidhani ni dawa."

"Dawa?"

"Uganga."

Rubani ndiye aliyeanza kucheka. Mama alifuata, akishika pipa ili asianguke. "Msomi mzima! Amedhani nimeliloga pipa! Kapteni, ningejua kuloga ningekuwa bado nabingirisha haya mapipa kwa mgongo huu?"

Mkuu hakucheka. Alihesabu kurasa za ripoti zilizobaki mkononi mwake, akazikunja, akaniuliza majaribio yangu yanaisha lini.

"Leo, mkuu."

"Mimi ningekuwa ndani ya ndege hiyo."

"Ndiyo, mkuu."

Mkuu alimgeukia mama. "Huyu tumfanyeje?"

Mama alijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya khanga.

"Abaki," alisema. "Mkono wake wa kuandika ni mzuri. Ila brashi nikae nayo mimi."

Mkuu alisaini barua yangu juu ya pipa, na barua nayo ikapata doa. Mama alifungua pipa jingine, akamwomba mkuu ukurasa wa tano, akadondosha tone, likakauka lisionekane. Akadondosha la pili kwa ajili ya mkuu, ambaye sasa hakuwa na haraka hata kidogo, na la tatu kwa sababu mkuu aliomba. Ndege ikajazwa, ikakimbia, ikaruka juu ya mashamba ya kahawa kuelekea bondeni.

Nilikuwa nimeziona ndege zikiondoka pale mwezi mzima bila kuzisikiliza. Siku ile nilisimama katikati ya uwanda nikasikiliza. Mlio ulipungua, ukawa kama nzi ndani ya chupa, ukaisha. Na nilipofikiri niligundua kuwa mtu aliye chini hana namna ya kujua mlio umeisha kwa umbali au umeisha kwa injini.

"Njoo tukwangue rangi," mama aliita. Alikuwa ameshachota mchanga kwenye ndoo. "Mapipa kumi na tisa hayajikwangui."

Nikamwambia nakuja. Nikaingia kibandani, nikakaa mbele ya redio, na sikutoka humo mpaka sauti ya rubani iliposema wametua, salama, na kwamba huko jua ni kali kweli.