Kamba Aliyemjibu Mama Mkwe

Jumamosi, tarehe tisa mwezi wa tano, ilitimia mwaka mmoja tangu nimpoteze mume wangu Okoth, na siku hiyo hiyo nikajiaibisha mbele ya mama yake na akina mama wa ploti nzima, kwa hiyo nikiwasimulia msicheke sana, au chekeni tu, maana nilijitakia.

Okoth alikuwa fundi wa matangi ya samaki maofisini mjini, na ofisi moja ilipohama ikamwachia tangi dogo la maji ya chumvi, akalileta kwetu mtaa wa Fedha, akaliweka sebuleni. Ndani mna samaki mmoja mwembamba na kamba mmoja wa baharini, wanaoishi shimo moja. Kamba ndiye anayechimba, kutwa kucha anasukuma mchanga nje kama tingatinga, na kwa kuwa haoni vizuri, humgusa samaki kwa sharubu yake moja, naye samaki ndiye bawabu wa mlango. Kamba huyo ana gando moja kubwa, na akilifunga ghafla linalia pa! mpaka mgeni anadhani kioo kimepasuka. (Mimi mwezi wa kwanza nilikuwa nakimbia na ndoo.)

Sasa Ijumaa nikaona tangi limechafuka, nikayatoa mawe, nikayasugua, nikayarudisha juu ya mchanga ili yainuke yapendeze. Okoth alikuwa akiyakalisha kwanza kwenye kioo cha chini, ndipo anamwaga mchanga, nilimwona mara nyingi na sikuwahi kumuuliza kwa nini. Jumamosi Mama, mama yake Okoth, akafika kutoka kijijini, mara yake ya kwanza kuingia kwetu, nami nikaona haya, atasema mjane anacheza na samaki, basi nikalifunika tangi kwa leso, na kwa sababu meza zilijaa sahani, nikaisimamisha picha ya Okoth juu yake.

Tukafumba macho. Mama Njeri, jirani anayetuongozea maombi, akasema, "Bwana, tunajua Okoth anatusikia," na picha ikalia: pa!

"Amina!" akapaza sauti Mama Njeri.

Mimi nilijua ni kamba. Nilikuwa nimembomolea nyumba na sasa alikuwa anachimba nyingine kwa hasira. Nikajiambia nitaeleza maombi yakiisha (kumkatiza Mama Njeri akiwa amepata moto si kazi ndogo), nikanyamaza, na hapo ndipo nilipoharibu kila kitu, kwa sababu Mama aliinuka, akapiga magoti mbele ya picha.

"Okoth, mwanangu. Ni mimi. Uliniita hospitalini sikuja. Niliogopa kukuona vile. Umenisamehe?"

Kimya. Kisha, pa!

Mama akalia kwa nguvu, akina mama wakaanza wimbo, nami nikaona siwezi tena, maana msamaha ule haukuwa wa kamba kuutoa. Nikasema, "Mama, si yeye," lakini nani angenisikia katika wimbo ule? Kumbe shimo lilikuwa limefika chini ya mawe. Yakaporomoka kwa kishindo, yakagonga kioo, tangi likatikisika, picha ikaanguka kifudifudi, leso ikateleza yote, na hapo mbele yetu samaki amesimama mlangoni pake anatutazama.

"Ngai! Mama Akinyi!" Mama Njeri akanigeukia, akashika kiuno. "Yaani amina zangu zote zimeenda kwa samaki?"

"Kwa kamba," nikasema. (Sijui kwa nini nilimsahihisha.)

Waliocheka walikimbilia kuchekea jikoni, na mimi niliapa saa ile ile kwamba kitu chochote kikilia sebuleni mwangu nitakitaja jina papo hapo, hata kama mchungaji yuko katikati ya baraka. Mama hakucheka. Alibaki pale sakafuni.

"Ulijua tangu mara ya kwanza?"

"Nilijua, Mama. Nisamehe."

"Basi sema wewe uliyekuwa naye. Alinikasirikia?"

Ningeweza kusema hapana, na wote waliokuwa pale walitaka niseme hapana. Lakini kwa kunyamaza tu nilikuwa nimeshamdanganya vya kutosha.

"Alikasirika, Mama. Siku mbili hakutaka tukutaje. Siku ya tatu akaniambia nikupigie simu, nikuulize kama unakula."

Akanitazama. "Ulinipigia."

"Nilikupigia."

"Nilidhani ni wewe unayeuliza."

"Ni yeye, Mama."

 Mama akainuka, akaingia jikoni katikati ya wale waliokuwa wakicheka, nao wakanyamaza, akachukua sahani, akajipakulia wali na nyama, akala akiwa amesimama pale pale karibu na jiko, chakula chake cha kwanza tangu afike asubuhi.