Shule Ambayo Dada Yangu Hakuisoma

Mimi ndiye niliyewafunza wale kina mama kudanganya, nao walidanganya vizuri kwa sababu waliniamini. Naanza hapo ili msomaji asinionee huruma kabla ya wakati wake.

Nilikuwa nimestaafu miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa ukarani katika kiwanda kimoja upande wa Bamburi, kuandika malori yanayoingia na yanayotoka. Mtu akishastaafu hapa Ziwa la Ng'ombe watu humsalimu kwa heshima, lakini hakuna anayemuuliza neno. Basi siku alipokuja binti mmoja mtafiti kutoka Nairobi, akasema ameelekezwa kwangu kwa kuwa nimesoma na najulikana, niliingia ndani nikabadilisha shati kwanza ndipo nikatoka kumsikiliza.

Alinieleza kazi yake vizuri. Kampuni iliyomtuma ilikuwa imetengeneza huduma ya kuweka akiba kwa simu. Wako mafundi wa kutazama mitambo, alisema, yeye anamtazama mtu: kidole kinasita wapi, mtu anarudi nyuma wapi, anapotea wapi. Ndiyo maana alitaka kina mama ambao hawajaiona kabisa.

"Wakikosea ndiyo vizuri, mzee," aliniambia. "Tukiona wanapokosea, tunajua pa kurekebisha."

Niliitikia. Nilielewa kila neno na bado sikukubali. Kwetu mgeni akija unamtolea kilicho kizuri. Nitamleteaje watu wa kukosea mbele yake, tena watu wangu? Nilimwona akirudi Nairobi akisema watu wa pwani ni wazito. Aliponiachia simu mbili za majaribio Ijumaa, niziweke chaji mpaka Jumatatu, nilikwishajua nitakalofanya.

Nilikusanya kina mama wanane kutoka kikundi chao cha akiba cha kanisani. Mmoja wao alikuwa dada yangu mkubwa, mjane, muuza mihogo na viazi vya karai kando ya barabara. Dada hajui kusoma. Baba yetu alikuwa na karo ya mtoto mmoja, na hata hiyo ilipokatika njiani ni dada aliyebeba mihogo kichwani mpaka nikamaliza kidato cha nne. Siku tatu tulikaa barazani kwangu. Wale waliojua kusoma walijifunza upesi. Dada nilimkaririsha: kitufe cha kijani cha tatu, kisha cha chini kulia, kisha namba yako ya siri. Akakariri kama anavyokariri nyimbo za kanisani.

Jumatatu binti alimketisha mezani, akamwekea simu mbele.

"Shosho, bonyeza huku unaniambia unachofikiria."

"Shosho ndiye nani?" dada aliuliza. "Hapa mimi ni bibi. Na ninachofikiria ni mihogo yangu niliyomwachia jirani, na jirani mwenyewe ana mdomo."

Waliokuwa wakingoja zamu yao dirishani wakaangua kicheko. Binti naye akacheka, akaomba radhi. Dada akabonyeza cha kijani cha tatu. Pale pa pili akasita, kidole hewani. Nikakohoa. Kidole kikashuka chini kulia.

"Pole, mzee," binti aliniambia, akanipa maji ya chupa. Nikanywa. Nilichungulia daftari lake nikaona ameandika kwamba amemaliza bila msaada. Wote wanane aliwaandika hivyo. Jioni ile nilitembea kama mtu aliyemwoza binti yake kwa harusi kubwa.

Huduma ilipofunguliwa rasmi, kikundi chetu kilikuwa cha kwanza kuhamia. Hadi hapo walikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa wanawake watatu wa nyumba tofauti. Dada ndiye aliyeuliza swali la maana: "Na huko ufunguo anao nani?"

Nikamweleza nilivyoelezwa. Kumbukumbu zinakaa kwenye wingu, yaani mitambo mikubwa iliyo mbali. Simu hata ikiibwa, akiba ipo. Ufunguo ni namba ya siri na kila mtu ana wake.

"Nikisahau nampigia nani hodi?"

"Hutasahau," nikasema.

Kuwasajili nilifanya mimi. Fomu ilikuwa na maswali ya usalama, na moja liliuliza jina la shule ya kwanza. Haikukubali kuachwa wazi. Dada hakuwa na shule, na wengine watatu pia hawakuwa nayo. Badala ya kumpigia binti kumweleza kwamba fomu yao haimjui mtu ambaye hakusoma, nilibuni. Kila mmoja nilimwandikia shule tofauti, jina lililonijia kichwani, ili isionekane ni mkono mmoja. Sikuyaandika popote. Mimi, karani.

Mwaka haukuisha. Dada ana sukari, na kidole gumba cha mguu kikapata kidonda kutokana na kandambili. Hakusema mpaka kilipobadilika rangi. Daktari wa hospitali ya kulipia alituambia waziwazi: kidole kikatwe wiki hii na mguu utabaki, tukichelewa hatuahidi. Walitaka malipo ya kwanza kabla ya kumlaza, nami sikuwa na hata robo yake. Dada hakutishika.

"Pesa zangu zipo," alisema.

Alikwenda kwa wakala peke yake, kwa kuwa nilimwambia anaweza. Usiku uliotangulia kampuni ilikuwa imebadilisha sura ya huduma. Cha kijani cha tatu hakikuwa tena cha kutoa pesa. Kilimpeleka mahali pengine, pakamwomba kitu, akaandika namba ya siri pasipotakiwa. Alirudia, akarudia tena. Maandishi mekundu yakatokea, wakala akamsomea: akaunti imefungwa kwa usalama wako.

Tulipiga simu huduma kwa wateja. Walitaka mwenyewe azungumze.

"Mama, shule yako ya kwanza inaitwaje?"

"Sikusoma, mwanangu."

"Hapa kuna jina la shule, mama."

"Basi unasoma la mtu mwingine."

Dada akanigeukia. Nikajifanya naitengeneza bandeji.

Nilimwambia mitambo yao ina hitilafu, na kwamba kesho itatengemaa. Huo ulikuwa uongo wangu wa tatu, na ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu huu niliusema nikiwa nimeona kidonda. Namba ya binti wa Nairobi nilikuwa nayo. Alinipa mwenyewe akasema likitokea lolote nimpigie. Lakini kumpigia kulikuwa na maana ya kusema yote: shule nilizobuni, na nyuma yake siku tatu za barazani, na kikohozi. Wale kina mama wengine wangejua akiba zao ziko nyuma ya majina ambayo hakuna ayajuaye. Ningetembeaje kanisani?

Basi nikabahatisha. Kila asubuhi nilijaribu majina ya shule. Shule za Kisauni nilizimaliza, nikavuka Likoni, nikaingia Changamwe, kisha shule za kijijini kwetu. Huduma iliruhusu majaribio machache tu kwa siku, kisha ikaniambia nirudi kesho. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha dada, nikinusa mguu wake kupitia pazia, na kujaribu kukumbuka mawazo yangu ya alasiri ile ya usajili.

Mchungaji alikuja akataka kuitisha mchango. Dada alikataa. "Nichangiwe nikiwa hai, na pesa zangu zipo? Mnaniona maiti?" Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningesema neno moja tu, angekubali mchango, kwa kuwa angejua pesa zake haziji. Nilinyamaza nikamsindikiza mchungaji barabarani.

Siku ya nane dada alipata homa, akaanza kuniita kwa jina la baba yetu. Nilitoka nje nikampigia binti. Nilisema yote kwa mfululizo, nikiogopa nikipumzika nitaacha.

Nikasikia kurasa zikifunuliwa.

"Wote wanane ulikuwa umewafunza?"

"Wote."

"Mzee..." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Walipotaka kuhamisha vile vitufe waliniuliza kama watu watapotea. Mimi ndiye niliyesema wa Mombasa walipita bila shida. Nilionyesha daftari."

Aliniambia nisikate simu, nikamsikia akizungumza na watu wengine kwa sauti ya juu. Siku iliyofuata, saa nane mchana, akaunti ilifunguliwa. Pesa zilitoka zote kama alivyoziweka. Tulimfikisha hospitali saa kumi.

Daktari hakutukaripia. Alifunua bandeji, akafunika, akaniita kando akasema si kidole tena. Walimkata chini kidogo ya goti.

Siku ya tatu baada ya upasuaji homa ilishuka, akanitambua. Nilivuta kiti nikamwambia. Sikuanza na mitambo. Nilianza na fomu, na shule niliyompa, ambayo mpaka leo siijui. Nikamwambia siku nane nilikuwa na njia na sikuipita.

Alisikiliza akiangalia dari.

"Kwa hiyo si kwamba ulikuwa hujui la kufanya."

"Nilijua."

"Uliona haya."

"Ndiyo, dada."

"Mimi nilikaa nikikungoja. Kila ukiingia nilijiambia, huyu amesoma, anajua anachofanya." Akaacha dari, akaniangalia. "Niliuza mihogo kwa ajili hiyo."

Nilitaka kumshika mkono, akauweka chini ya shuka.

"Niinue," akasema. "Nataka kuketi."

Nilipitisha mikono chini ya makwapa yake nikamwinua. Alikuwa mwepesi, na uzito wake wote ulilalia upande mmoja, nikakaribia kumwangusha. Alijishikilia kwenye chuma cha kitanda. Kisha akaivuta shuka mwenyewe, polepole, akaanza kuangalia palipobaki. Niligeuza uso.

"Angalia," akaniambia.

Nikaangalia.