Laini Zilizolala kwa Védastine

Ukishuka Cyangugu kuelekea mpakani, kabla hujafika kwenye daraja, utamkuta Védastine chini ya mwavuli wake wa njano, mbele ya meza iliyojaa simu kuukuu. Kazi yake ni kuziweka sawa simu za watu. Mtu akitoka Bukavu, upande wa Kongo, na kubadilisha laini, intaneti hugoma. Yeye huingia kwenye mipangilio, akafuta jina la mtandao wa kule na kuandika la huku. Ujumbe ukikataa kutoka, hujua kwamba namba ya kituo cha ujumbe imepotea, na namba hizo anazo kichwani. Simu ikiwa na tabia ya kurukia mtandao wa ng'ambo na kula salio la mwenyewe, huikataza kujichagulia. Kazi safi, husema, haina matope.

Lakini kilichomfunga pale si mipangilio. Ni huruma yake, ile huruma isiyojua kusema hapana. Simu nyingi za wafanyabiashara wa mpakani zina tundu moja tu la laini. Siku moja Antoinette, muuza vitenge wa Bukavu, alikuwa anapanda Kamembe, ndani zaidi ya Rwanda, ambako laini yake ya Kongo haishiki, na alikuwa akisubiri habari za nyumbani. Védastine akamwambia aiache. Angeilaza kwenye simu moja pale mezani, ambako mitandao ya pande zote inashika, na ujumbe ukiingia angemwandikia kwenye laini yake ya Rwanda. Antoinette akaenda kulisimulia jambo hilo sokoni, na hapo mchezo ukaisha. Kulaza laini kwa Védastine kukawa desturi ya wanaovuka. Sasa hata haja haendi bila kumsihi jirani amtazamie meza. Mpaka ukifunguliwa yupo, ukikaribia kufungwa bado yupo, maana laini za watu huwezi kuondoka nazo, wala huwezi kuziacha.

Hapo ndipo mama yake alipougua kule Rwimbogo. Tumukunde, mdogo wake aliyekuwa akimuuguza, alimwandikia kwamba mama anamuulizia. Védastine akajibu kwamba angefika kesho yake. Kesho ikaja na laini zake, akajibu tena vilevile. Alitaka kwenda, jamani, alitaka kweli. Kila asubuhi alishuka mezani na mfuko wa nguo za safari, na kila jioni alipanda nao nyumbani.

Kisha akaja Muhigirwa, anahema. Alikuwa na unga wa kupokea Kamembe, na huku nyuma mkewe Sandrine amepelekwa kujifungua Bukavu. Védastine akamwonyesha meza: hakuna simu iliyobaki wazi.

"Maman Védastine, nakuomba," Muhigirwa akasema. "Bibi yangu iko ku maternité. Mama yake anaandikaka tu ku ile namba. Ni leo tu."

Ilibaki simu moja, ya Védastine mwenyewe. Akatoa laini yake, akaifunga kwenye ncha ya kitenge, akatia ya Muhigirwa. Akaandika namba ya kituo cha ujumbe, akajaribu, ujumbe ukapita. Leo tu, akajiambia.

Mchana habari ikaingia: Sandrine amepata mtoto wa kike, wote wazima. Védastine akamwandikia Muhigirwa kule Kamembe, akacheka peke yake pale mezani, furaha ya watu wengine imemjaa. Muhigirwa akashuka mbio, akachukua laini yake, akavuka bila hata kukumbuka kushukuru.

Védastine akafungua ncha ya kitenge, akairudisha laini yake. Simu ikatafuta mtandao, ikashika, na ujumbe wa Tumukunde, ambaye humwita yaya, yaani dada mkubwa, ukaanza kuingia mmoja nyuma ya mwingine.

"Yaya, maman anazidiwa."

"Niko nakupigia, haupatikane."

"Anataka kusikia tu sauti yako. Niko na simu karibu na sikio yake. Piga."

Na wa mwisho: "Usikimbilie tena huku, yaya. Maman amekufa. Alienda akiita jina yako."

Védastine akasimama, akashika mfuko wa nguo. Waendesha pikipiki walikuwa hapo barabarani, na mmoja alishamwona, akawasha. Kisha akaitazama meza. Wenye laini walikuwa wametawanyika, wengine Kamembe, wengine ng'ambo, na hakuna ambaye angerudi kabla ya jioni. Alijua nani kati yao anasubiri majibu ya hospitali na nani anasubiri mume aliyeko migodini. Akamwashiria yule wa pikipiki kwamba haendi. Akaketi, akalia waziwazi, na wapita njia wakadhani ameibiwa.

Alikuwa bado analia wakati simu moja ilipotetemeka mbele yake. Ilikuwa ile yenye laini ya Antoinette. Védastine akausoma ujumbe, akausoma tena. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akavuta simu yake mwenyewe, akamwandikia Antoinette:

"Mama yako anakuulizia."